Pimbi Anunua Matairi ya Baridi kwa Fisi

Mpo?

Tupo!

Masikio mmeyaosha?

Yanang'aa!

Na midomo?

Tumeifunga kamba!

Haya. Atakayefungua wake kabla sijamaliza, hadithi nitamaliza kichwani mwangu peke yangu.

Alikuwapo Pimbi, mnyama mdogo tu, ukimweka kwenye kikapu anaenea na nafasi ya vitunguu inabaki. Alikaa juu mlimani, Itundu, na watoto saba na mama mkwe mmoja. Mama mkwe mmoja anatosha. Alikuwa pia na gari la familia, stesheni wagoni, lile refu ambalo watu unawapakia mbele na magunia unapakia nyuma. Msiniulize Pimbi alijifunzia wapi kuendesha. Aliendesha.

Sasa Itundu ukifika mwezi wa sita, maji kwenye ndoo yanashika ganda. Majani asubuhi ni meupe kama yamemwagiwa unga. Kitoto cha pimbi kikibaki kule mpaka mwezi wa saba kinaamka kikavu kama kijiti. Kwa hiyo kila mwaka Pimbi alihamisha wanawe kwenda upande wa pili, bondeni kwenye migomba. Njia ni moja. Unapanda mlima, unafika kona ya Mawe Mekundu, kushoto jabali, kulia korongo. Udongo wa pale ukishika barafu unateleza kama mlenda.

Mwaka huo matairi ya Pimbi yalikuwa vipara. Na muuza matairi mlima mzima alikuwa mmoja tu, Fisi.

Fisi alikuwa na nguvu, alikuwa na duka, alikuwa na tumbo. Asubuhi aliuza matairi. Mteja akisema anasafiri kesho, kesho yake Fisi anafunga duka, anapanda gari lake lenye matairi mazuri, anapita kona, anazunguka mpaka chini korongoni, anakaa. Anasubiri nini? Anamsubiri mteja. Mteja anafika konani, nyiririri! Anaanguka, pu! Fisi anakula, anapangusa mdomo, anafungua matairi, anayarudisha dukani. Watu wakasema baridi ya mwaka huu mbaya, imeua wengi.

Pimbi akaenda dukani.

"Hodi!"

"Karibu, shemeji! Watoto hawajambo? Wanakula? Wamenenepa?"

"Nimekuja kutafuta matairi, mjomba."

"Nauliza tu. Mimi napenda watoto."

Akaleta rimu pana, zinameta mpaka unajiona meno. "Hizi ndizo za mjini. Majirani watakosa usingizi."

"Rimu pana inabeba tairi pana, na tairi pana linaelea juu ya utelezi," akasema Pimbi. "Nipe nyembamba, za chuma, tairi likate mpaka kwenye ardhi ngumu. Na nikigonga jiwe naipiga nyundo, inanyooka."

Fisi akanuna kidogo. Akaleta matairi manne kwenye rimu nyembamba za chuma, meusi, yanang'aa kwa dawa ya viatu. Pimbi akatoa harage mfukoni. Itundu ndivyo wanavyopima tairi. Unachomeka harage katikati ya kashata, yale matuta ya tairi. Likizama, tairi zima. Likikaa juu juu, rudi nyumbani.

Harage likazama, tii!

"Umeona?" akasema Fisi. "Harage halina ndugu dukani kwangu."

Pimbi akainamisha pua. Chini ya harage akaona nyuzi. Tairi lilikuwa kipara, likachongwa kashata upya kwa kisu cha moto, mpaka kwenye nyuzi. Halafu ubavuni akaona kiraka chekundu. Kiraka kile alikijua. Alikibandika yeye kwa mikono yake mwaka jana kwenye tairi la jirani, siku moja kabla jirani huyo, Digidigi, hajahamisha familia. Tairi limerudi. Digidigi hajarudi.

Angepiga kelele angeliwa palepale. Kwa hiyo hakupiga. Akatazama nje, akaona gari la Fisi. Rimu nyembamba za chuma, matairi manne ya maana, kashata nene kama vidole vya mkulima. Saizi ileile ya gari lake.

"Mazuri sana, mjomba," akasema. "Nayachukua. Gunia la viazi hili hapa."

"Mnasafiri lini?"

"Kesho, saa nne. Tuko arobaini na wawili."

Mate ya Fisi yakadondoka. To, to, to.

"Arobaini na wawili?"

"Ukoo mzima. Tuna harusi bondeni. Na wa mgongoni sijawahesabu."

Kesho yake Fisi akafunga duka, akaenda korongoni, akakaa. Saa nne ikapita. Saa nane ikapita. Hakuna nyiririri, hakuna pu. Akarudi na njaa yake.

Asubuhi Pimbi huyo mlangoni, na gari lake.

"Mjomba, halipandi! Kuja huku ni mteremko, limekuja. Tukielekea mlimani, magurudumu ya nyuma yanazunguka, vruu, vruu, gari liko palepale. Nisaidie mawili ya gari lako nifunge nyuma. Haya nikuachie wewe, gari lako lisikae juu ya mawe."

Fisi akafikiri. Ya nyuma yatawasukuma mpaka konani. Ya mbele yatateleza. Konani ni wangu.

"Chukua, shemeji. Kwa ajili ya watoto."

Pimbi akapiga jeki, akafungua nati, akafunga nati. "Kesho saa nne," akasema.

Kesho yake Fisi akaenda korongoni. Pale konani gari lake likatikisa mkia, nyiri. Akadhani linafurahi. Akakaa. Saa nne ikapita. Saa nane ikapita. Hakuna nyiririri, hakuna pu. Akarudi na njaa mbili.

Asubuhi Pimbi huyo mlangoni, na boneti imebonyea.

"Mjomba, linapanda vizuri, lakini halikati kona! Nazungusha usukani huku, lenyewe linakwenda kule. Nimeingia kwenye choo cha mama mkwe."

"Alikuwamo?"

"Alikuwamo. Ametoka amekasirika, ameshusha watu wote garini. Anasema harusi basi."

Fisi akashika kichwa. "Basi vipi? Watu arobaini na wawili!"

"Ndivyo alivyosema. Labda nipate mawili ya mbele ya gari lako."

Hapo Fisi akatazama matairi yake mawili yaliyobaki. Tamaa ikamvuta huku, akili ikamvuta kule. Pimbi akaona, akapangusa macho yasiyo na machozi.

"Ingawa sijui kama yatasaidia," akasema. "Kakakuona ameniambia gari likijaa hivyo, konani tairi si kitu. Hata ufunge ya trekta, uzito unakutupa."

"Kakakuona amesema hivyo?"

"Na yeye ni fundi breki."

Tumbo la Fisi likasema nguru, nguru. Akili ikakaa chini.

"Mpuuze Kakakuona!" akasema Fisi. "Chukua, shemeji, chukua! Mimi siwezi kuharibu harusi ya watu."

Pimbi akapiga jeki, akafungua nati, akafunga nati. Matairi manne ya maana yakawa chini ya gari lake. Manne ya dawa ya viatu yakawa chini ya gari la Fisi.

"Tunaondoka leo leo, mjomba. Saa nne."

"Leo?" Jua lilikuwa limeshasogea. Fisi hakufunga hata duka. Akaruka garini, akakanyaga mafuta, ngriii! Hajala siku tatu, na watu arobaini na wawili wanaweza kufika konani kabla yake, wamwangukie nani?

Akapanda, magurudumu yanazunguka, anapanda, yanazunguka. Akafika Mawe Mekundu. Akakata usukani.

Nyiririri!

Akakanyaga breki.

Nyiririri zaidi!

Pu!

Saa nne kamili Pimbi akapita. Watoto saba nyuma wanakohoa, wamefunikwa blanketi, mama mkwe mbele amekumbatia sufuria. Gari likashika udongo, kwaru, kwaru, kama jongoo. Pimbi akasimama salama upande wa pili wa kona, akachungulia chini.

"Mjomba, vipi huko?"

"Pimbi! Nivute! Kiuno changu!" Halafu Fisi akakodoa macho, akahesabu vichwa. "We! Uliniambia mko arobaini na wawili!"

"Wengine wamekataa kusafiri, mjomba. Wanasema matairi yako hawayaamini."

Mama mkwe akauliza, "Nani huyo anapiga kelele korongoni?"

"Muuza matairi, mama."

"Mwambie haya ya leo mazuri."

Wakaenda zao, wakafika kwenye migomba, watoto wote saba wakaacha kukohoa. Fisi alitoka korongoni baada ya wiki, kwa kutambaa, kiuno kimeshuka, na hakikupanda tena. Waliosoma wanasema alizaliwa hivyo. Hawakuwapo.

Duka alikuta limeshachukuliwa na Nyani. Nyani naye ana kisu na jiko la mkaa, na dawa ya viatu.

Mnataka funzo? Funzo hili. Mlima mzima ule, tangu baridi ianze kuwapo, mfanyabiashara aliyemvulia mteja matairi ya gari lake mwenyewe, yote manne, bila kuongeza hata kiazi kimoja, ni Fisi peke yake. Pimbi, mama wa watoto saba, alidanganya mara tatu mfululizo. Basi mkikua muwe kama Fisi.

Nimesema?

Umesema!

Nimedanganya?

Kidogo!

Kilichobaki ni kweli, kichukueni. Mimi nimechoka kukibeba.