Ngiri Atafuta Haradali

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, kando ya shamba la ngano, ngano ya kula, si hii ninayowapa mimi, aliishi Ngiri mwenye mafua. Pua imeziba ndi! Ngiri bila pua ni nini? Hanusi mizizi, hali. Hamnusi Chui, analiwa. Na Chui habari alishazipata.

Jirani yake Kanga akamwambia, "Kaka Ngiri, dawa yako haradali nyeusi. Tafuna mbegu zake, pua itafunguka. Nikuonyeshe?"

"Unionyeshe mimi? Nimezaliwa humu humu! Si ina ua la njano?"

"Ina ua la njano, lakini..."

"Basi, yatosha!"

Mbio, tifu tifu tifu, mkia juu! Akaona njano: ua la boga. Akala. Pua ndi! Akaona njano: alizeti. Akala. Pua ndi! Akaona njano: kumbe kitambaa cha mkulima. Nacho akala! Mnacheka? Mwenzenu anakufa.

Mara Kanga akapaza sauti juu ya kichuguu: "Chui huyooo! Yumo kwenye ngano!"

Ngiri akageuka huku, akageuka kule. Hanusi kitu. Akapiga kelele: "Dada Kanga, sijui! Nimesema sijui! Nionyeshe!"

"Njoo hapa kichuguuni, kwenye mmea huu! Hesabu vipande vya ua lake!"

"Vinne!"

"Maganda je?"

"Membamba! Yamesimama, yamelikumbatia shina!"

"Pasua moja. Mbegu?"

"Ndogo! Nyeusi!"

"Tafunaaa!"

Akatafuna. Kwanza kimya. Kisha moto! Machozi chururu! Chui huyo, karuka, kinywa wazi...

"Haa... haaa... CHAAAFYAAA!"

Kamasi zikamjaa Chui machoni, kwenye masharubu, hadi kooni. Akatimua mbio, anatema, anapiga chafya, chafya juu ya chafya, mpaka mlima wa pili.

"Afya, Mzee Chui!" akaitikia Kanga. "Afya!"

Ngiri akavuta pumzi, fffff! Akanusa mizizi. Akanusa mvua ya kesho. Akajinusa mwenyewe.

"Lo! Kumbe ndivyo ninavyonuka?"

"Miaka yote, kaka," akasema Kanga. "Hukuuliza."

Basi wanangu, nanyi wakubwa mnaojifanya kujua: njano ni nyingi, haradali ni moja. Kuuliza si ujinga. Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyejua na aseme sijui, tumwonyeshe.