Prosesa ya Laki Sita

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni muhula uliopita, palikuwa na wasichana watatu waliosomea usanifu majengo: Bupe, Kalunde na Siwema. Walichanga fedha za laptop moja, wachore wodi ya wazazi kwa ajili ya shindano.

Dukani walikuta mbili. Umbo moja, rangi moja. Ila ya pili ilikuwa na prosesa kubwa, na laki sita juu.

Bupe akasema, "Tuchukue kubwa. Kuugeuza mchoro kuwa picha, ndogo itatumia saa tano. Hii, saa moja."

Kalunde akasema, "Picha tutaitoa mara moja tu, shosti. Saa tano si tunalala?"

Siwema akafungua mkoba. Alitoa laki sita, ada ya kitanda chake bwenini, akahamia sakafuni katikati ya vitanda vya wenzake. Wakachukua kubwa.

Miezi mitatu wakachora mistari. Prosesa ikakaa kama mgeni wa heshima, haiombwi hata kumenya kitunguu. Kalunde akawa anacheka. Bupe, kila akiamka usiku kwenda msalani, akawa anamkanyaga Siwema.

Siku ya kukabidhi ikafika. Mwisho saa sita mchana. Saa tatu asubuhi mhadhiri akasema, "Paa hili halifai. Badilisheni."

Wakabadilisha. Wakawasha itoe picha. Laptop ikapata moto, ikazima. Wakawasha tena. Ikapata moto, ikazima. Kalunde akautazama mchoro, akaona miti mia mbili aliyoipanda Bupe uani mwa wodi, kila mti na majani yake. Akafuta majani yote, mashine ipunguziwe mzigo. Wakawasha mara ya tatu. Saa sita kasoro dakika tano, picha ikatoka.

Wakashinda. Zawadi ilikuwa mafunzo ya kazi katika kampuni ya wasanifu, nafasi moja. Mwaka uliotangulia walishinda wavulana watatu. Nafasi zilikuwa tatu. Naendelea.

Mhadhiri akasema, "Chagueni wenyewe. Mabinti hamshindwi kupatana."

Bupe akasema, "Ni yangu. Tumekwama mara mbili na bado tumewahi. Ile ndogo ingetuvumilia hata mara moja?"

Kalunde akasema, "Ni yangu. Bila majani, hata ndogo ingewahi. Laki sita zimekwenda kumwagilia miti yako."

Bupe akamrudi, "Na ungejua lini kwamba tatizo ni majani? Saa nane, ukiwa foleni ya wali?"

Siwema akasema, "Ni yangu. Hoja zenu, mgongo wangu."

Fomu iko mezani, na ina mstari mmoja wa jina. Msiniambie wagawane, mafunzo si muwa. Msiniambie wakadai nafasi mbili zilizobaki. Walidai, mhadhiri bado anatafakari. Katika kugombania, kalamu ilianguka sakafuni, na sakafuni kuna mwenyewe. Siwema ameishika.

Je, aandike jina la nani?