Kwa Nini Wapepetaji Humpigia Upepo Mluzi

Sogeeni, msibanane pale nyuma, maana leo mimi nina hamu ya kusimulia kuliko ninyi mlivyo na hamu ya kusikia. Mmewaona kina mama wa hapa wanavyosimama juu ya jiwe, ungo umeinuliwa, midomo wameikunja, wanapiga mluzi? Zamani hakuna aliyethubutu. Mluzi ulikuwa wa wachunga ng'ombe, na mwanamke mzima akiupiga, kijiji kizima kilimsema.

Enzi hizo Upepo hakuwa wa kuitwa. Aliishi hapa hapa, juu ya mawe yetu makubwa, na kila asubuhi alishuka bila kuombwa. Aliwakausha wakulima jasho, akafukuza inzi kwenye maziwa, akawabembeleza watoto migongoni mwa mama zao. Na watu walikuwa na desturi nzuri. Baada ya mavuno kila nyumba ilipanda jiweni na kuweka unga kidogo kwa kila aliyewasaidia: fungu la Jua, fungu la Mvua, fungu la Ng'ombe, hata jembe lilipata lake. Upepo naye aliwekewa, lakini fungu lake halikukaa. Mkono ukitoka tu, unga umeshapeperuka! Wazee wakatazamana, wakasema, "Huyu anazikataa shukrani zetu. Ana maringo." Mwaka uliofuata hawakumwekea kitu, na mwingine pia. Mwishowe jina lake likawa linatajwa pale tu majivu yalipoingia machoni. Basi Upepo akaondoka zake, na hakuaga mtu.

Wa kwanza kuligundua hilo alikuwa Minza, mke wa Nkwabi, mwanamke wa kazi hasa. Mwaka wa nyuma njaa iliwapiga wakala majani. Mwaka ule mtama ulizaa kupita kiasi. Wakauvuna, wakaupura kwa fimbo juu ya jiwe, ukabaki kupepetwa tu. Minza akainua ungo, akamwaga. Mtama ukaanguka na makapi yake yote, pale pale. Akamwaga tena, yakawa yale yale. Siku mbili zikapita hivyo, na upande wa ziwani mawingu meusi yakaanza kurundikana. Kuutia mtama ghalani na makapi yake ni kuuozesha. Kuuacha jiweni mvua ikaukuta ni kuuotesha. Vyovyote vile, nyumba ile ingerudi kwenye majani.

Minza akawa moto. "Hakuna kukaa!" Alimfokea mumewe, akamfokea binti yake Limi wa miaka sita, na mama mkwe wake, Bibi Holo, hakumfokea lakini alimtazama kwa jicho ambalo Bibi alilielewa vizuri sana. Walipunga kwa vipande vya ngozi. Walipuliza kwa midomo mpaka mashavu yakauma. Mtama waliousafisha haukujaza kibuyu.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Bibi Holo akatupa kipande chake cha ngozi chini. "Mama Limi, mimi nakaa. Ukitaka, nifukuze."

Alikuwa amekuja na kapu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kavichemsha na karanga. Nkwabi akanusa, akakaa. Limi akakaa. Minza naye akakaa, shingo upande. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mbegu ziingie ardhini wale wanne kula pamoja nje, na jamani, ile michembe ilikuwa tamu! Jiwe lilikuwa na joto zuri chini ya miguu, na kutoka pale juu waliona mashamba yote hadi mtoni. Limi aliposhiba akaenda mahali palipokuwa laini, akateleza mpaka chini, akapanda tena akicheka.

"Bibi, njoo na wewe!"

Nani angetegemea? Bibi Holo, mwenye magoti yanayolia akisimama, akaikusanya nguo yake, akakaa, akajiachia. Huyoo! Alishuka akipiga yowe, akamzoa Nkwabi aliyekimbilia kumdaka, mama na mwana wakaishia kwenye rundo la makapi. Bibi akaibuka na makapi kichwani, akauliza, "Nani mwingine?"

Minza alicheka mpaka akazishika mbavu. Akamtazama mumewe anavyompangusa mama yake. Akayatazama mashavu ya Limi, ambayo mwaka wa nyuma yalikuwa yamebonyea, na sasa yamejaa karanga. Furaha ikamfurika hata akakosa pa kuiweka. "Tupo," akasema. "Jamani, sote tupo." Akakunja midomo akapiga mluzi mrefu, kama alivyopiga utotoni akichunga ndama wa baba yake, wala hakukumbuka kuwa ni aibu.

Huko nyuma ya vilima, Upepo akainua kichwa. Siku zote shukrani alizopewa zilikuwa unga, naye ana njia moja tu ya kupokea unga, nayo ni kuubeba. Watu wakadhani anaukataa! Lakini hii ya leo ilikuwa pumzi, na pumzi ni ndugu yake kabisa. Akashuka mbio.

Jani moja likatikisika. Kisha mawili. "Mama, anakuja!" akapiga kelele Limi, na Nkwabi akadakia, "Nyungo! Chukueni nyungo!" Kapu likapinduka, hakuna aliyejali. Mtama ukaporomoka mwekundu kama shanga, na makapi yakaruka juu ya vichwa vyao, yakaenda. Minza alipepeta huku akipiga mluzi. Bibi Holo akamfuata, ila kwa mapengo yake ulitoka upepo mtupu bila sauti. Majirani wakaja mbio na nyungo zao. Tone la kwanza la mvua lilianguka Nkwabi akifunga ghala.

Kesho yake wazee walikwenda kwa Minza kumuuliza ni maneno gani alimwitia Upepo.

"Sikumwita," akawajibu. "Nilikuwa nimefurahi tu."

Jibu hilo liliwasumbua sana. Wengine walipanda jiweni wakapiga mluzi huku wamenuna, wakashinda kutwa na makapi yao. Na tangu siku hiyo kina mama hupiga mluzi wakipepeta, na hakuna anayewasema. Upepo hakurudi kuishi nasi. Huja, hukaa kidogo, huenda, na huja pale tu anaposikia watu wanafurahia kuwa pamoja. Kwa hiyo ukipita kwenye mawe yetu msimu wa kupepeta, ukamkuta bibi mzima anateleza jiweni na wajukuu wanamshangilia, usiseme wanacheza. Wameanza kazi.