Mabanda Thelathini ya Kiboko

"Haya, mpo?"
"Tupo!"
"Mmekaa vizuri?"
"Tumekaa!"
"Basi tegeni masikio, tunapanda mlima."

Hapo kale palikuwa na njia ndefu, mwendo wa siku tatu kwa miguu, kutoka bwawani mpaka kileleni. Nyembamba, lakini nzuri kweli. Katikati yake, kwenye majabali, aliishi Bi Pimbi, mdogo hata kikapu hakijazi, naye aliionea njia ile fahari kama mama anavyomwonea bintiye.

Siku moja Kiboko, mwenyekiti wa njia, tena aliyejipa cheo mwenyewe, akaitisha mkutano bwawani.

"Nitajenga mabanda thelathini," akasema. "Wageni wale, nami nile nao. Mawe nitavunja ya majabali ya Pimbi."

Bi Pimbi alikuwapo mkutanoni, na majabali hayo ndiyo kwao. Lakini akatabasamu.

"Hewala, Mzee. Ila desturi unaijua. Banda hujengwa pale tu mjenzi alipopumzika, na mahali hupewa jina lake. Si tunapo Alipochoka Kobe?"

"Twende," akasema Kiboko. "Nitapumzika mara thelathini."

Kiboko du! du! du! Bi Pimbi mbele, tipu, tipu, tipu. Kona ya kwanza Bi Pimbi akageuka, akapaza sauti mpaka nyani wakasikia mitini.

"Mzee, tukae? Tupaite Alipochoka Kiboko?"

Nyani wakacheka. Kiboko akavimba.

"Nani kachoka? Songa mbele."

Du! du! du! Tipu, tipu, tipu. Kona ya pili.

"Mzee, tukae? Tupaite Alipochoka Kiboko?"

"Nani kachoka? Songa."

Siku ya kwanza hakukaa. Ngozi ikamkauka, ulimi nje. Siku ya pili alitembea amefumba macho. Du... du... Kufika kwenye chemchemi, chini ya majabali ya Bi Pimbi, puu! Akaanguka.

"Hapa, Mzee?"

"Hapa," akanong'ona Kiboko. "Moja linatosha."

Likajengwa banda moja. Mawe alitoa Bi Pimbi mwenyewe, yale yaliyokwisha kuporomoka, na majabali yakabaki yamesimama. Msafiri akifika pale hutua mzigo, hunywa maji, na Bi Pimbi humwambia, kifua mbele: "Karibu Alipochoka Kiboko. Huko mbele hakuna banda, kuna mlima tu."

Hadithi yangu naitua hapo, atakaye aibebe. Funzo lake, wanangu: waheshimuni wenyeviti, na mkubwa akiwaambia hajachoka, mwaminini.