Alfa za Kilembwa na Kiti Kimoja

Sogeeni, nyinyi mnaopenda kuamua kesi za watu. Leo nawaletea wasomi watatu wasiopikika chungu kimoja.

Katika maabara ya Chuo cha Kilembwa, Tunu Makame alijaliwa jicho la maumbo: kitu asichokiona, alikichora. Mwandambo alijaliwa hesabu za mwendo. Kitu chochote kinachozunguka, alijua kitarusha nini na wapi. Nyamizi alijaliwa mikono. Vigunduzi alivyoviunda vilinasa vipande vya atomu visivyoonekana kwa jicho wala kwa darubini. Hakuna kati yao aliyemwamkia mwenzake.

Kazi yao ilikuwa kugonganisha viini vya atomu. Viini viwili viliungana kuwa kimoja kikubwa, kinachozunguka kwa kasi ya ajabu, kikitema chembe ziitwazo alfa. Wote walitarajia alfa zitoke sawasawa pande zote. Nyamizi akapanga vigunduzi vyake pande zote za mgongano, akakuta sivyo. Alfa zilimiminika kwenye ukanda mmoja, kama mshipi uliofungwa kiunoni mwa kiini. Juu na chini ya mshipi ule zilikuwa adimu.

"Mitambo yako mibovu," Mwandambo akamwambia.

"Kibovu ni kichwa chako."

Nyamizi akavifungua vigunduzi vyote, akavibadilishia nafasi, akapima upya. Mshipi ulikuwa palepale. Sasa ulitakiwa ufafanuzi.

Tunu akasimama mbele ya chuo kizima. "Kiini hiki si duara kama chungwa. Kimerefuka kama yai. Nguvu inayozifungia alfa ndani ni kama ukuta, na ukuta huo ni mwembamba kwenye ncha. Huko ndiko zinakotorokea."

Mwandambo akacheka kwa sauti. "Bibi, yai lina ncha mbili. Mshipi mzima umeutoa wapi?"

Watu wakacheka naye. Tunu akakusanya michoro yake, akatoka.

Mwandambo akaja na lake. "Kiini kinazunguka. Gurudumu likizunguka topeni, tope huruka kutoka ukingoni. Na alfa ni hivyohivyo." Akapiga hesabu kwa kiini cha duara, na mshipi ukajitokeza, ila hafifu mno. Alfa alizopima Nyamizi zilikuwa nyingi kupita kiasi hicho. Nyamizi akachukua karatasi ya hesabu za Mwandambo, akaibandika kwenye mlango wa choo.

Tunu alitaka kummaliza Mwandambo kabisa. Akachukua hesabu za Mwandambo bila kumwomba, akaondoa chungwa, akaweka yai linalopinduka ncha kwa ncha. Ncha zake zikapita kila mahali kwenye mshipi, zikizitema alfa njia nzima. Hesabu ikalingana na vipimo.

"Mwizi!" Mwandambo akapiga kelele, akizipokonya karatasi. "Mzunguko ni wangu!"

"Na mzunguko wako bila yai langu ulifika wapi?"

"Wezi nyote," Nyamizi akasema. "Bila vigunduzi vyangu mngekuwa mnagombania nini?"

Habari zikafika kwa Profesa Ishengoma, mkuu wa chuo. Alikuwa na maabara mpya, kubwa kuliko ile, na kiti kimoja cha kuiongoza. Mwenye kiti ndiye angeamua nani afanye kazi humo. Akawaita wote watatu.

"Kiti hiki ni cha aliyegundua siri ya alfa. Ni nani?"

"Mimi," wakasema kwa pamoja.

"Nikikupa wewe, Tunu, wenzako utawafanyaje?"

"Wataondoka siku hiyohiyo."

"Mwandambo?"

"Sitaki hata kuwaona getini."

"Nyamizi?"

Nyamizi akafikiri kidogo. "Nitabadilisha kufuli."

Profesa akawatazama mmoja mmoja. "Basi nikimpa mmoja, nimewafukuza wawili. Na nyinyi mmeshanionyesha mmoja wenu peke yake anafika wapi."

Hawakutazamana. Profesa akavuta karatasi ya uteuzi, yenye nafasi ya jina moja tu, akashika kalamu.

Mwenye mikono ndiye aliyeuona mshipi. Mwenye umbo alikuwa na ncha, hakuwa na mshipi. Mwenye mzunguko alikuwa na mshipi, hakuwa na alfa za kutosha. Na aliyeviunganisha alifanya hivyo ili amwaibishe mwenzake.

Haya, wewe uliyenyamaza muda wote huu: kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?