Fundi Aliyekataa Sindano

Ndugu zangu, kulikuwa na fundi mmoja wa ujenzi aliyeanguka kutoka ghorofani akavunjika nyonga. Hospitalini wakamlaza, wakawa wanamchoma sindano za mofini siku kadhaa, maana maumivu yalikuwa hayasemeki. Kaka yake ndiye aliyemuuguza.

Na huyu kaka alikuwa mtu mwenye donda moyoni. Mdogo wao wa mwisho aliuawa na unga, ule wa kulevya. Arosto, yale mateso ya mwili unapoukosa unga, hakusimuliwa, aliiona ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Asubuhi moja akaja na chupa ya uji, akakuta kitanda kimezungushiwa pazia. Akalifungua. Fundi anatetemeka, anatapika, kamasi na machozi vinamchuruzika, ngozi imemsisimka kama ya kuku aliyenyonyolewa. Ni yaleyale!

"Kaka, maji," fundi akaomba.

"Kumbe na wewe ni teja?"

"Teja? Kaka, mimi naumwa..."

"Nimeshazika mmoja. Wewe utazikwa na wengine."

Akatoka na uji wake.

Daktari akamkuta nje ya wodi, amejiinamia. "Mzee, tulikaribia kumpoteza ndugu yako. Mofini ilimzidi, pumzi zikawa zinakatika. Tumempa dawa ya kuizuia, nayo imeiondoa yote kwa mkupuo. Mwili uliokwisha kuizoea, ukinyang'anywa ghafla, unahangaika vile."

"Kwa siku hizi chache tu?"

"Chache zinatosha. Itapita."

Je, alirudi? Alirudi mbio. Akakuta kutapika kumekoma, lakini maumivu ya nyonga yamerudi yote. Daktari akaja na sindano nyingine, dozi ndogo, akasema atakaa pale mwenyewe amwangalie. Fundi akauficha mkono chini ya shuka.

"Sitaki. Kaka ataniita teja."

Kaka akapiga magoti, akalia, akaomba radhi mbele ya wagonjwa wote. Fundi akageuzia uso ukutani, akauma shuka, akavumilia.

Ndugu zangu, ile dawa ya kuzuia mofini ilikwisha mwilini kabla ya adhuhuri. Neno la kaka halikwisha.

Naona mnatikisa vichwa: masikini, kamsingizia asiye na kosa! Haya, nami niwaulize: na kama ingekuwa kweli? Angekuwa teja, kiu yake isingekuwa kiu? Na yule waliyemzika, akitetemeka vilevile, nani alimpa maji? Mbona huyo hakuna aliyemlilia hapa?

Sisi ndivyo tulivyo. Kabla ya kumhurumia mtu tunataka kwanza tujue ugonjwa wake ni kosa la nani. Ndiyo maana wapo humu humu wanaotetemeka, tumekaa nao bega kwa bega, na hawasemi neno. Wanatujua.