Mlima Uliovunjwa na Chafya

Hapo zamani, huko Japani, nchi ya milima mingi, palikuwa na karakana ya picha katika mji tambarare kama sinia. Jinbei alichora. Tomekichi akabandika mchoro juu ya ubao na kuuchonga, kila rangi na ubao wake. Oyuki, mwanamke mwenye maneno yake, akapaka rangi, akalaza karatasi juu yake, akasugua mpaka picha ikatoka. Watatu hao walitengeneza milima maisha yao yote, na hakuna aliyewahi kukanyaga hata mmoja! Walitamani, jamani, mpaka wakaota.

Siku moja Jinbei akachora Mlima Torigami kwa kusikia tu, kilele chembamba kama sindano. Tomekichi akiwa anachonga, chafya ikamjia. Patasi ikateleza, kilele kikaruka! Mchoro ulishakatwa pamoja na ubao, wa pili hakuna. Basi Oyuki alipopaka ubao rangi, akaifuta taratibu pale penye kovu, na kwenye karatasi pakatanda ukungu.

"Nani kaniharibia mlima?" Jinbei akafoka.

"Si mimi, ni chafya," akasema Tomekichi.

"Mimi nimeukuta maiti," akasema Oyuki, "nimeuvika sanda tu."

Hakuna aliyelitaka kosa lile. Picha ikatundikwa mlangoni hivyo hivyo.

Akapita Bibi Orin, mzaliwa wa Torigami, yuko njiani kurudi kwao. Akaiona, akalia kwa furaha. "Ndio huu! Kilele chetu kilivunjika tangu enzi za mababu, na ukungu haukiachi. Nina farasi mmoja wa ziada. Aliyeutengeneza mlima huu na apande, nikamwonyeshe wenyewe!"

Lo! Kosa lililokuwa yatima likapata baba wawili na mama mmoja.

"Ni wangu," akasema Jinbei. "Bila mchoro wangu, ungechonga nini?"

"Wewe ulichora sindano, mzee! Aliyeuvunja ukawa Torigami ni mimi."

"Kwa chafya?" Oyuki akacheka. "Huyu alibahatisha, wewe ulipiga chafya. Mimi peke yangu nilikusudia. Ukungu ule niliuweka kwa mkono wangu, na akili yangu ikiwemo."

"Ulikusudia kuficha, si kuonyesha!" wakamjibu wote wawili.

Haya, nyie mnaojua kuamua kesi za majirani, mbona kimya? Bibi Orin ameshapanda farasi wake. Farasi wa pili anakwaruza ardhi, mgongo ni mmoja, na wote watatu wameshavaa viatu vya safari. Je, nani alistahili kwenda kuuona mlima?